Neno la Mabwawani

Mwanangu Saumu,

Amani iwe nawe, na iwe na safari yako. Umekwenda Ganda kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema, maana bibi akimshika mkono mtu anayeaga hamwachii mpaka amlishe. Basi nimepata nafasi. Sanduku lako limefungwa, chumba chako kimeanza kuwa na mwangwi, na baba yako kila akipita mlangoni ananiuliza kama naandika wasia. Nimemwambia naandika barua. Akasema, "Mtoto yuko Ganda tu hapo, mdomo unao, unaandika barua?" Ndiyo. Yako mambo ambayo mdomo wangu huyaharibu, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Sikuandikii habari za kutokuweka pesa zote mahali pamoja, wala kula kabla ya kwenda darasani, wala kuangalia unaongozana na nani. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyasema pamoja nami, kwa kuniiga sauti. Nataka kukuandikia habari za mjomba wako Khamisi.

Kesho unakwenda chuoni Kilifi kusomea ualimu, na utakaa nyumbani kwake. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, mdogo wangu anayenifuata, na tangu ulipokuwa darasa la tatu hajakanyaga nyumba hii, wala mimi sijakanyaga yake. Ulikuwa ukiniuliza mbona mjomba haleti tena mabuyu. Nilikuwa nakujibu kwamba mjomba ana kazi nyingi. Ulipokua ukaacha kuuliza, nami nikashukuru. Lakini sasa utakula kwake na kulala kwake, na siku moja mtu atakwambia, labda mkewe, labda jirani, kwamba mama yako alimwita ndugu yake najisi mbele ya watu. Nataka ulisikie kwangu kwanza, na ulisikie lote, pamoja na ile sehemu ambayo mimi mwenyewe nimeijua Jumatatu iliyopita.

Ili uelewe, inabidi nikupeleke kazini kwangu. Najua hupapendi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukija kutazama ndege, kisha ukakua, ukaanza kuwaambia wenzako mama yako yuko "idara ya maji." Sikukasirika. Ni maji kweli, ila hukuwaambia yametoka wapi.

Maji ya mji, yale ya chooni, bafuni na jikoni, hutufikia kwa njia mbili. Mengine huja kwa bomba chini ya ardhi. Mengine huja kwa mabauza, yale malori ya kunyonya vyoo, maana nyumba nyingi bado zina mashimo yao. Yakifika hupita kwanza kwenye chujio la vyuma, na hapo ndipo unapoujua mji wako ulivyo: matambara, nepi, mifuko, chupa, na siku moja meno ya bandia ambayo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuyadai. Kisha huingia bwawa la kwanza, lenye kina, ambamo mazito hushuka chini. Kisha la pili, pana, rangi ya kijani kibichi. Kisha la tatu, lenye kina kifupi, linalopigwa jua kutwa nzima. Halafu kuna mfereji wenye matete, na mwisho wa mfereji ni mto Sabaki.

Watu wakija kututembelea huuliza mashine ziko wapi. Hakuna mashine ya kuwaonyesha. Kazi inafanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula ule uchafu. Kile kijani ni mimea midogo mno inayovipa vijidudu pumzi. Jua nalo huua magonjwa. Inachukua wiki kadhaa maji yaliyoingia langoni kufika mtoni, na hayaharakishwi, kwa sababu yakiharakishwa yanafika na maradhi yake. Chini ya mfereji wetu ndipo bibi yako na wenzake wanapoteka maji ya kumwagilia mchicha na biringani. Hapo ndipo watoto wanapoogelea Jumamosi, na mbele zaidi mto unaingia baharini penye mazalio ya kamba na samaki. Mchicha ule unauzwa soko la Malindi. Kwa hiyo choo cha mtu wa mjini kingeweza kumrudia sahanini, na kati ya choo na sahani tuko sisi.

Haya sikuzaliwa nikiyajua. Unamjua bibi yako alivyo na usafi. Na babu yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiutunza msikiti wa kule kwetu, na kazi yangu mimi na Khamisi tulipokuwa watoto ilikuwa kuosha jabia, lile tangi la maji ya kutawadhia. Tulikuwa tukiingia humo na brashi, tunasugua kuta, tunaimba, tunamwagiana maji. Ukijani katika jabia ni aibu ya mtunzaji. Babu yako akiona utelezi mmoja tu wa kijani ukutani hutuita kwa majina yetu kamili. Basi mimi nilikua nikijua kwamba maji ya kijani ni maji yaliyopuuzwa, na dawa yake ni kusugua na kutia klorini.

Nikaajiriwa mabwawani. Sijamaliza hata mwezi, Bwana Mutiso, msimamizi wetu, akaenda kwao Machakos kwenye mazishi. Nikalitazama bwawa la tatu. Kijani tupu! Nikasema moyoni, hawa watu wa bara kweli hawajui maji. Nikaenda stoo, nikachukua klorini yote niliyoikuta, nikaimwaga ndoo baada ya ndoo, na nikafanya hivyo kwa fahari. Bwana Mutiso aliporudi alikuta maji ya kijivu yananuka, na samaki wadogo wameelea matumbo juu. Akasimama ukingoni na mkoba wake wa safari ungali begani. Nilingoja matusi. Akanigeukia akasema, "Mama Saumu, umewafukuza kazi wafanyakazi wangu wote, bila hata notisi."

Tukafunga lango la kutokea, maji yakazuiwa yasiende mtoni mpaka kijani kilipojirudia chenyewe. Wenzangu walinicheka msimu mzima. Ikabaki desturi yetu kuwaita wale vijidudu wafanyakazi, na bauza likija na mzigo wa kawaida wa chooni tukauita mgeni, kwa kuwa unakaribishwa ndani. Lakini uko uchafu ambao wafanyakazi hawauli, bali uchafu huo ndio unaowala wao. Oili ya injini, rangi, tindikali ya betri, dawa za kuulia wadudu. Ukiingia huo, bwawa linakufa, na maji yanatoka upande wa pili mabichi kama yalivyoingia. Bwana Mutiso akauliza siku moja, na huu tuuiteje? Mimi ndiye niliyemjibu. Nikasema, "Kwetu, kile kinachoharibu maji ya twahara huitwa najisi." Mtu wa Ukambani yule, hakujua uzito wa neno. Alilipenda, likawa neno la kazi. Nilipowekwa kuwa mpokezi wa mabauza langoni, mlinzi alikuwa akiniuliza kwa sauti, "Mgeni?" Nikisema mgeni, anafungua. Nikisema najisi, anafunga. Tulilisema asubuhi na jioni mpaka likapoteza makali yake masikioni mwetu, kama mtu anayesema funga koki, fungua koki.

Sasa mjomba wako. Khamisi alinunua bauza kuukuu, na mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia mji unakua, mashimo yanajaa, kazi hii haina msimu. Alilipaka rangi ya buluu, wewe ulilipanda ukapigwa picha. Alikuwa akija mabwawani kila siku, ananiamkia mbele ya madereva wenzake, na mimi nikijisikia mtu. Nilimpima kama nilivyowapima wengine. Nafungua koki ya nyuma ya lori kidogo, nachota katika ndoo nyeupe, naangalia rangi, nainusa. Kila siku mgeni, na kila siku karibu.

Ikaja siku ya masika. Mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha, mabwawa yamejaa hadi ukingoni, Sabaki ni rangi ya udongo na inapita kwa kelele. Mabauza yamepanga foleni, kila dereva ana haraka. Khamisi akafika zamu yake. Nikachota. Juu ya maji kulikuwa na utando mweusi unaong'aa, na harufu ilinipanda mpaka kichwani.

"Khamisi, haya umeyatoa wapi?"

"Kwa watu, dada."

"Watu gani hao wanaokojoa oili?"

Madereva wakacheka, naye akacheka. Kufikia hapo tulikuwa sawa. Akanisogelea, akapunguza sauti.

"Ni gereji. Shimo lao limejaa, mvua imeingia, wanalia. Mara moja hii tu, dada yangu."

"Haiwezekani."

"Kwani hapa ni wapi? Si pahali pa uchafu hapa? Nimekuletea uchafu pahali pa uchafu, wewe wanikatalia! Wataka niyapeleke wapi, msikitini?"

Ukilitazama neno lake, lina akili. Mtu yeyote mjini angesema hivyo hivyo, na mimi mwenyewe, niliyetia klorini bwawani, ningesema hivyo kabla hawajanifundisha. Ningeweza kumshika mkono nikamtoa kando, nikamweleza kama Bwana Mutiso alivyonieleza mimi, kwa mzaha. Nilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Lakini honi zinalia nyuma, mvua inaniingia shingoni, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alidhani damu yetu itamfungulia lango. Mlinzi akapiga kelele kutoka kwake, "Mama Saumu, mgeni?"

Nami nikajibu kwa sauti ya kumfikia mlinzi ng'ambo ya mvua, "Funga! Najisi!"

Mlinzi akafunga. Kwake na kwangu lilikuwa neno la kazi. Khamisi hakuwa mtu wa kazi yetu. Alikuwa mtoto wa mtunza msikiti. Alinitazama, maji yanamtiririka usoni, akaniuliza polepole, "Mimi, dada?"

Saumu, nisikilize hapa. Nafasi ilikuwepo. Neno moja tu lilitosha: siyo wewe, ni mzigo. Lakini dereva wa nyuma yake, mtu wa maneno mengi, akatoa kichwa dirishani akapiga ukelele, "Ewe Najisi, ondoa gari tupite!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi, kwa hasira zangu, nikamwambia ndugu yangu, "Umesikia. Geuza."

Akageuza.

Siku ile Bwana Mutiso alinisifu mbele ya wote. Alisema, ikiwa huyu amemkatalia ndugu yake, hakuna atakayempita. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikapika wali wa nazi katikati ya wiki, ukaniuliza leo kuna sherehe gani. Wakati wa kula ndipo likanijia swali: yale mafuta ameyapeleka wapi? Bauza haliwezi kulala limejaa. Hakuna mahali pengine pa kumwaga isipokuwa vichakani au mtoni. Asubuhi kabla ya kazi nikaenda kutembea kandokando ya mto, upande wa mashamba, nanusa kama mbwa. Sikuona kitu. Lakini mto ukiwa umejaa hauachi ushahidi, kwa hiyo kutoona kitu hakukunibadilisha. Nikaamua kwamba amemwaga mtoni, mto ambao mama yake mwenyewe anateka maji ya mboga. Hukumu nimeshaitoa, na shahidi hayupo.

Mji wetu huu unajua kushika jina la mtu. Kabla ya Ijumaa stendi nzima ya malori ilikuwa ikimwita Najisi. Walimfanyia mzaha tu, kama wanavyomwita mwingine Tumbo na mwingine Jongoo. Jina likamfuata mpaka msikitini. Baba yako alikuwepo, aliniambia baadaye sana. Wamekaa kwenye foleni ya kutawadha, jamaa mmoja akamwambia Khamisi, "Wewe Najisi, tawadha mara mbili." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msikitini kile cha kujizuia. Baba yako anasema Khamisi alitawadha, akasali, akavaa viatu, na hakuonekana tena katika msikiti ule. Haukupita muda akaliuza bauza, akahamia Kilifi, akafungua duka la mabomba na koki.

Nilipoambiwa hayo nikajibu jibu ambalo baba yako hunikumbusha tukigombana. Nikasema, "Asingemwaga oili mtoni yasingemkuta." Waliotangulia walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi niliona sikujikwaa. Nilikuwa mkubwa wake, na nilikuwa na haki. Nikangoja aje aniombe radhi. Idi zikaja zikapita. Kila Idi bibi yako alikuwa akileta salamu za upande mmoja na kupeleka za upande wa pili, na naapa nusu ya salamu hizo alikuwa akizitunga mwenyewe.

Basi Jumatatu iliyopita nilikwenda Ganda kuzungumza habari za makazi yako. Bibi alikuwa ameketi anachambua mchicha. Akasema, mtoto ana mjomba Kilifi, atakaaje kwa watu baki? Nikamwambia ukweli wangu. Nikasema, "Mama, mtu aliyemwaga oili mtoni nimpe binti yangu?"

Hakuinua uso. "Mto gani?"

"Huu. Siku ile niliyomrudisha."

"Khamisi hakumwaga mtoni. Gari lile lililala hapa uwanjani kwangu na harufu yake, kuku wangu wote wakahamia kwa jirani. Mwenye gereji alikataa kuyapokea. Kasema kalipa yaondoke, si yarudi. Nduguyo akaenda kushinda mlangoni pake, kutwa, na siku ya pili yake, mpaka wakampa mapipa. Akayateka kwa ndoo, kwa mikono yake. Gereji ile haikumwita tena."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nikwambie nini? N'lidhani wajua. Wewe si ndiwe mjuzi wa maji machafu? Kwani hukumuuliza?"

Sikumuuliza, Saumu. Hakuna bauza nililowahi kulikataa bila kulichotea ndoo kwanza. Hata dereva ninayemjua kuwa mwongo, nachota, natazama, ndipo nasema. Ndugu yangu sikumchotea. Aliyarudisha kwa sababu aliyasikia maneno yangu langoni na akayafuata, ingawa nilimvunjia heshima katika maneno hayo hayo. Alifanya nilichokuwa nikikitaka, nami miaka yote hii namlaumu kwa kutokukifanya.

Nililia pale, mbele ya mchicha. Bibi yako aliniachia nilie, kisha akachukua simu yake ile ya vitufe, akampigia. Akaiweka sauti kubwa. Akamwambia, mtoto wa dadako kapata chuo huko Kilifi. Nikaisikia sauti ya Khamisi kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. Imekuwa nzito, inafanana na ya babu yako. Akasema, "Mama, hilo nalo ni la kuombwa? Mtoto anakuja kwao." Bibi akaninyoshea simu. Nikatikisa kichwa. Alininyoshea tena, nikatikisa tena, simu ikakatika.

Sasa hayo ndiyo mambo yenyewe. Utakapokuwa kule, usinitetee. Mkewe akisema mama yako ana ulimi, kubali, ni kweli, hata bibi ataapa. Lakini pia usijitie upande wao ukafikiri mama yako alikosea kuyakataa yale mafuta. Akija leo mtu na mzigo kama ule nitaukataa, awe ndugu, awe mkubwa wa mji, awe bibi yako mwenyewe ameshika usukani. Mabwawa yale yangekufa siku ile, katikati ya masika, na maji mabichi ya mji mzima yangeteremka kwenye mashamba kwa wiki nyingi kabla hatujayafufua. Hilo sitalitubia. Mambo haya mawili yamekaa ndani yangu pamoja, na nilidhani moja likiwa kweli jingine haliwezi kuwa kweli. Nilikuwa na haki, na haki yangu ndiyo iliyonilegeza ulimi, kwa sababu mtu mwenye makosa huchagua maneno, lakini mimi niliona sina haja ya kuchagua.

Wewe utakuwa mwalimu. Utasimama mbele ya watoto arobaini, jibu sahihi unalo mkononi, na mmoja atakuwa amekosea, na wengine watakuwa tayari kucheka. Sina la kukufundisha hapo. Nakwambia tu kwamba nimewahi kusimama mahali hapo, na najua jinsi kicheko cha watu kinavyompa mtu nguvu ya kusema neno ambalo hakulikusudia.

Nilianza barua hii nikiwa na nia ya kukutuma. Nilikuwa nimeyapanga: ukifika umwamkie mjomba wako kwa heshima, usubiri wamalize kula, umwambie mama anakusalimu, na anasema neno lile lilikuwa la mzigo, halikuwa lako. Nimeliandika hilo kwenye karatasi nyingine, nikalisoma, nikaichana. Ungelifikisha, najua, na kwa adabu. Naye angelipokea vizuri, kwa sababu angemjibuje vibaya mtoto anayelala nyumbani kwake? Angelazimika kusamehe ili wewe upate usingizi. Huko kungekuwa kufungua lango na kuachia maji mabichi yawashukie walio chini, ilhali kazi ya kuyasafisha ni yangu mimi niliyeyapokea.

Kwa hiyo nimempigia Bwana Mutiso, nimeomba ruhusa ya kesho. Aliniuliza naumwa nini, maana sijawahi kuomba. Nimemwambia naenda Kilifi kwa ndugu yangu. Akasema, "Nenda, Mama Saumu. Hata keshokutwa usije." Baba yako naye amepita tena mlangoni, safari hii sikumfukuza. Nimemwambia akate tiketi mbili.

Tutakwenda wote, mwanangu, na barua hii utaisoma njiani nikiwa nimeketi kando yako, natazama nje, kwa sababu sitaweza kukutazama ukiisoma. Tukifika, wewe ingia. Ni kwenu, amesema mwenyewe. Mimi nitasimama nje mpaka anikaribishe. Nina maneno machache ya kumwambia na nimeyachagua. Akinikaribisha nitaingia. Asiponikaribisha nitarudi Malindi, na Jumamosi nitakuja tena.

Mama yako.